Bwana Lenzi na Chambo cha Macho ya Kioo

Watu walimwita Bwana Lenzi, naye akaliona jina hilo ni cheo. Alistaafu kutoka duka la miwani akiwa na kioo cha kukuzia, akakining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, na tangu hapo akajitangaza mjuzi wa vyambo vya kale: vile visamaki vya mbao ambavyo wavuvi wa zamani walivifunga kwenye mishipi, na ambavyo siku hizi watu wenye nafasi zao huvitafuta kwa udi na uvumba.

Tumpe haki yake: alivijua. Alijua kwamba jicho la kioo huashiria uzee kuliko jicho la kuchorwa, kwamba rangi ya zamani hufanya nyufa nyembamba kama ngozi ya kisigino, na kwamba boksi la karatasi ambalo chambo kilitoka nalo dukani linaweza kumshinda thamani samaki mwenyewe. Tatizo lilikuwa hukumu zake. Ukimpelekea chambo, alikinusa, akakigeuza, akaguna, kisha akakupa pole. Cha mtu mwingine hakikuwahi kuwa na maana. Ajabu ni kwamba vibovu hivyo, akishakusaidia kuvitoa nyumbani kwako, vilipata nafuu ya ghafla kwenye kabati lake.

Kaka yake mkubwa alipofariki, mjane, mfuaji wa nguo za hospitali, alikuta mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na vyambo. Hakuwa na sababu ya kwenda mbali. Alimwita shemeji yake.

Bwana Lenzi aliinama juu ya meza ya jikoni. Vingi vilikuwa vya plastiki. Kimoja, ndani ya boksi lake lililofifia, kilikuwa samaki wa kijani wa mbao, macho ya kioo, mdomo wa bati wenye mhuri wa mtengenezaji. Miaka yote hiyo alikuwa amekiona kwenye picha tu. Akavuta pumzi, akaguna, akatikisa kichwa.

"Shemeji, nisikudanganye," alisema. "Hivi ni vya juzijuzi tu. Havina bei."

Hakukiomba papo hapo. Mjanja haombi papo hapo. Alipanga apishe siku chache, arudi kama mtu anayesaidia kuondoa takataka. Njiani alipiga mluzi, ingawa msiba ulikuwa bado mbichi.

Aliporudi, alibeba mfuko mtupu mkononi na uso wa huruma. Mkebe haukuwepo. Mjane alimweleza, huku akikunja mashuka, kwamba vyambo amempa fundi bomba wa jirani, anayependa kuvua bwawani. Lile boksi kuukuu aliwashia jiko.

"Vyote?" aliuliza Bwana Lenzi.

"Vyote. Si ulisema havina bei? Ningemuuliza nani mwingine, na wewe upo?"

Bwana Lenzi alishika njia ya bwawani kwa mwendo ambao magoti yake yalikuwa yameusahau. Alimkuta fundi bomba akivutana na mshipi: samaki wa kijani alikuwa amenasa kwenye gogo majini, na fundi alikuwa ameshatoa kisu aukate. Bwana Lenzi aliingia majini na viatu vyake na suruali yake ya heshima. Alikinasua chambo, na chambo kikamnasa yeye. Ndoano ilizama kwenye kiganja cha kulia.

Fundi bomba, mtu mwema, alimkalisha ukingoni na kutoa koleo. Akasema njia rahisi ni kukipasua kile kisamaki cha mbao, ndoano ilegee. Njia nyingine ni kuisukuma itokee upande wa pili wa nyama, lakini hiyo itauma sana.

Bwana Lenzi akakitazama chambo, akifikiri. Fundi alimtazama, asielewe mtu mwenye ndoano mkononi anafikiri nini.

"Pitisha kwenye nyama," alisema hatimaye.

Ilipita. Chambo kilitoka kizima, bila mkwaruzo. Fundi akamfunga mkono kwa kitambaa, akamshukuru kwa kumwokolea mali yake, akakikung'uta chambo maji na kukirusha tena katikati ya bwawa.

Baadaye Bwana Lenzi alijaribu kukinunua, akipanda bei kila alipokataliwa, lakini fundi alisema kinashika samaki vizuri mno. Ukoo ulisikia jinsi alivyojitosa majini kwa ajili ya jirani wa shemeji yake, ukamsifu kikaoni, naye aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Siku fundi akipata samaki, humgawia mjane, na mjane humpelekea shemeji yake kipande cha mkiani. Hukila kwa mkono wa kushoto, polepole, na mkewe akimuuliza kikoje, husema si kibaya.