Kifuniko cha Injini ya Baba

Juzi hapa mjini Baraka nilimwona fundi akichana mfuko wa plastiki na kutoa kipuri kipya, kinang'aa, hakijaguswa na mtu. Nikacheka peke yangu, maana vipuri vyetu sisi vilizaliwa uani, kati ya banda la kuku na mikeka ya kuanikia samaki wadogo, ndagala.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa anaunda gari. Fremu ya jeep iliyokufa, injini ya gari lingine, milango ya pipa la mafuta. Majirani walimcheka, lakini nia yake ilikuwa moja: kupanda milimani Fizi kumchukua bibi, ambaye magoti hayakumruhusu tena kukaa kwenye pikipiki, aje amwone mdogo wangu aliyekuwa ndio kwanza amezaliwa. Kilikuwa kimebaki kifuniko cha juu cha injini. Baba alichonga mfano wake kwa mti, akaukandamiza katika mchanga wenye unyevu kidogo, kisha akautoa. Katika shimo lile tungemimina alminiamu, na alminiamu yenyewe ilikuwa sufuria kubwa ya mama.

“Sufuria yangu ikipotea bure,” mama alisema, “mutakula bugali mu ile motere, injini yenu!”

Mimi, binti yake mkubwa, nilizungusha gurudumu la baiskeli lililosukuma upepo kwenye makaa ya kuyeyushia sufuria. Na udadisi wangu, we acha tu! Nikajiuliza: mchanga ukilowa zaidi, si kifuniko kitatoka laini zaidi? Baba alipoingia ndani kunywa chai, nikaunyunyizia maji.

Alipomimina, mchanga ulitema moto. Tuliruka nyuma sote. Kifuniko kilitoka kimejaa matundu, na baba akakaa akikigeuzageuza, akitafuta kosa lake. Roho iliniuma.

“Baba, ni miye. Nilitia mayi mu muchanga.”

Akaniangalia. Nikasubiri kofi.

“Mayi kiasi gani? Nionyeshe.”

Nikamwonyesha kwa viganja vyangu. Akacheka, akayeyusha upya, na safari hii tuliufinya mchanga pamoja, konzi kwa konzi, mpaka tukapata unaoshikana bila kulowesha mkono. Kifuniko kikatoka kizima. Bibi aliteremka na gari lile akiimba njia nzima, akampakata mtoto mpaka chakula kikapoa.

Baba hayupo tena, na pale uani wamejenga nyumba ya kupangisha. Nimekosea mengi tangu siku ile. Wengine wamenigombeza, wengine wamenisamehe. Hakuna mwingine aliyewahi kuniambia nimwonyeshe.