Umba na Uso wa Mama-mukwe Wake

Filimbi ya Umba ilikuwa na nguvu. Siku moja aliipiga hapa ku soko, train ikasimama mbali kabisa, mbele ya kufika gare, kituo yake. Kama hamusadiki, muulize train yenyewe.

Mbele ya kupata ile filimbi, Umba alikuwa mutu ya kutengeneza kinga, njo baisikeli: mikono mafuta, mugongo ya kuinama juu ya pneu, magurudumu za bantu. Alioa Mwadi, mutoto wa Mama Kapinga. Na kwetu Baluba munajua: mwanaume na mama-mukwe wake habaangaliane. Bakikutana mu njia, mwanaume anageukia majani. Mama akitaka kumuambia kitu, anaambia ukuta, ukuta njo inamufikishia. Ni heshima, hapana chuki. Kila mara Kapinga alituma sombe, majani ya muhogo ya kupikwa, kwa Umba, na Umba akikohoa, mama anauliza mulango kama mukwe wake amelala vizuri. Minyi, muzee wa kuuzisha kalanga hapa ku soko, sijaona mapendo ya vile kati ya bantu benye kuangaliana.

Lakini siku moja Umba alisikia ukuta inaambiwa neno ingine: eti Mwadi angaliweza kupata bwana mwenye kusimama wima. Mama alisema akicheka. Umba hakucheka. Ile neno ilimubakia mu koo kama mwiba ya samaki.

Njo pale polisi ilianza kutafuta bavolontere, bantu ba kujitolea. Bapolisi mingi balikuwa bametumwa Malemba-Nkulu juu ya militia, na huku kwetu bezi, bale ba kuiba, balianza kutembea kama bachefu. Komanda aliita banaume ku kiwanja ya mupira. Akabaambia mushahara hakuna, iko filimbi na kitambaa ya mukono. Lakini mwenye kutumika vizuri, siku moja atavaa uniforme ya kweli. Umba alikuwa wa kwanza ku mustari. Alitaka Kapinga amuone na ile uniforme, hata kama ni mugongo tu.

Komanda alimuchagua juu anajua bantu bote. Komanda mwenyewe alitoka mbali, hakuuliza njia ya soko inapita kwa nani. Akamuweka ku bariere ya soko, kizuizi ya kuchungulia mizigo, njia ileile ya bakwe zake, pamoja na Sefu, mutoto wa bale bachuruzi ba Maniema. Hawa babili balipatana: Kapinga akitokea na kitunga yake, Umba anaangalia majani, Sefu anachungulia kitunga, mama anapita. Ilienda muzuri.

Ila siku ya tano, njo Ijumaa, saa ya sala, Sefu anaenda ku musikiti. Kapinga akipita, Umba anageuka peke yake, na bezi balijua hakuna mwenye kuangalia. Balianza kufuata mama nyuma, polepole, kama procession. Njo vile cherehani ya Mwajuma, muuzishaji wa bitambaa, ilipotea. Nasema hata mutu moja alipita na ngombe, ngombe ikinyamaza kabisa. Bantu bakacheka: bariere ya Umba iko na tundu, na ile tundu iko na ukubwa wa mama-mukwe. Komanda hakucheka. Alimuambia Umba achungulie bantu bote, ao arudishe filimbi.

Siku ya tano ingine, Kapinga akatokea. Nyuma yake, procession. Sefu alikuwa bado ku musikiti. Umba angalimungojea kidogo. Na minyi nilikuwa pale karibu na kalanga zangu. Angaliniambia, "Nkambo, chungulia," ningechungulia. Na kile ningeona singekiona.

Umba aligeuka. Akamuangalia mama mu uso.

"Mama, tula kitunga chini."

Mama akatula. Umba akatia mukono mu unga, akatosha chupa ya lutuku, ile pombe kali yenye serikali inakataza. Na Kapinga ni mukubwa wa bamama ba misa. Ilikuwa ya kupakaa ku magoti, yanamuluma tangu zamani, lakini nani angesikia? Bantu bakapasuka na kicheko.

Hata pale Kapinga alishika heshima. Aliambia nguzo ya bariere:

"Weye nguzo, ambia mukwe wangu aangalie vizuri. Huu uso hatauona tena."

Komanda alifurahi sana. Akasema hii njo polisi, haipendelee mutu. Mwezi haikuisha, Umba akavaa uniforme. Inamuenea. Anasimama wima mupaka ndege zinataka kutua juu yake.

Lakini Kapinga siku hizi anazunguka na njia ya rail, ku mawe, na ile magoti yake. Akiona bariere kule mbali, anageuza mugongo, yeye sasa. Umba alimutumia kuku mweupe ya kusafisha macho, vile desturi inaomba kwa mwenye kuvunja heshima. Jioni tulikuta kuku amelala juu ya bariere; alirudi na miguu yake mwenyewe.

Sombe haiji tena. Na Umba akikohoa, hakuna mulango inaulizwa.