Jogoo wa harambee ya zahanati

Wenzangu, nilinusurika njaa, nikanusurika kuzama kule Vanga, lakini jogoo mmoja amenimaliza. Namtaja wa kulaumiwa: Rashidi Mwakuyu, katibu wa klabu yetu ya kusaidia jamii hapa Bongwe. Alinisukumia uenyekiti bila kunifunza kitu.

Jumamosi tulifanya harambee ya kuezeka zahanati. Mgeni wa heshima alimnunua jogoo mnadani, kisha akanikabidhi. “Mwenyekiti, nakurudishia.” Moyo ulinidunda kwa furaha. Nikajua hiyo ndiyo heshima ya kiongozi, nikampeleka nyumbani kwa mke wangu, hatua chache tu kutoka hapo.

Kumbe jogoo wa harambee hurudishwa ili auzwe tena na tena. Rashidi alijua, akanyamaza.

Mwishoni tajiri mmoja wa Ukunda akasimama. “Nipeni yule jogoo, nami nitatoa mabati yote yaliyobaki.”

Watu wakapiga vigelegele. Rashidi akanigeukia. “Haya, bwana mwenyekiti, mlete.”

Kabla sijajibu, mke wangu akatokea na sinia kichwani, mchuzi ukinukia nazi.

“Shikamooni, wazee. Baba Saidi, paja nimpe mgeni, au nikuwekee wewe?”