Neno la Kumalizia Dua

Walimwita Kisiki kwa sababu hang'oki. Alioka mikate pamoja na wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke wa dini nyingine ambaye ulimi wake haukuishiwa mzaha. Walitaniana hata kwenye dua: Kisiki alimalizia "amen", wifi "amin", kila mmoja akidai mwenzake hajui kutamka.

Kaka mtu, mwalimu wa lugha, aliwacheka wote wawili. Aliwaeleza kwamba neno ni moja, lilianza kwa Waebrania wa kale, Wakristo wakalipokea, Waislamu nao wakawa nalo. Shina lake ni uthabiti, na imani, amana na uaminifu ni ndugu zake. Anayelitamka anasema: ndivyo, nimesimama hapo.

Asubuhi moja ghasia za kidini zilizuka mjini, na vijana watatu wakavunja mlango wa chumba cha tanuri. Kiongozi wao, panga mkononi, alimkaba wifi akamwamuru amalizie dua wasikie yeye ni wa wapi. Hofu haikumpa nafasi ya kuchagua; akasema "amin". Panga likashuka. Alikinga kwa mkono, na vidole viwili vikaangukia kwenye unga.

Kisiki alichota makaa kwa beleshi akammwagia yule kiongozi usoni, kisha akamgeukia wa pili na kumvunja goti. Wa tatu alipoona hayo, akamburuta mwenye goti wakatokomea. Kiongozi alibaki akigaagaa sakafuni. Kisiki akainua beleshi juu ya kichwa chake.

"Wifi, basi," alisema mwenzake, damu ikimchuruzika. "Nifunge mkono kwanza."

Beleshi likatua chini, kando ya sikio la kijana.

Wifi na kijana huyo walilazwa hospitali moja, kijana akiwa amepoteza jicho. Mama yake alikuja kitandani kwa wifi, Kisiki akiwa kando, akapiga magoti, akaomba msamaha na kuwaombea majeruhi wote. Wifi akaitikia "amin". Kisiki akanyamaza.

"Na wewe je?" wifi akamuuliza Kisiki, mama huyo alipoondoka.

"Neno lile ni kiapo, wifi. Nikilisema leo nitakuwa nimesema uongo."

Wifi hakumlazimisha. Alirudi kazini, akajifunza kukanda kwa mkono wa kushoto huku akiutukana unga. Kisiki aliendelea kusali kila alfajiri, na kwa muda mrefu aliziacha dua zake bila mwisho.