Mwalimu Zulfiya Atolewa Kundini

Zulfiya alifundisha kemia katika mji wa Namangan miaka thelathini na minne. Jirani yake Botir alipoandika kwenye kundi la mtaa simuni kwamba mbegu chungu za tunda la aprikoti zinatibu kisukari, Zulfiya alimuuliza, "Nani amepona?"

"Mama yangu anakula ishirini kila siku. Wewe mchokozi tu!" Botir akamtoa kundini.

Zulfiya akavaa viatu, akaenda kugonga mlango wa Botir.

"Mwalimu, umeufuata ugomvi mpaka nyumbani?"

"Nimefuata jibu. Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa kitandani, anatapika. Zulfiya akamwambia Botir mbegu zile zina sumu, wakamkimbiza mama hospitali. Baada ya siku tatu akarudi mzima.

Botir alimrejesha Zulfiya kundini, akawaandikia wenzake kwamba mwalimu ni mchokozi, ila asikilizwe.