Wavu Ndani ya Tezi

Siku ya kwanza kazini, hospitali moja ya Thika, nilipewa koti na chupa ya formalini, ile dawa inazuia nyama isioze. Mi nilikuwa nimetoka tu fomu foo. Mkuu wa Maabara, mama asiyecheka ovyo, akaniambia, "Hapa tunakata tezi. Kila mtu hukimbilia kuangalia askari. Wewe angalia nyumba."

Nilitaka anieleze hapo hapo. Hakunieleza, nilijifunza pole pole. Tezi ikivimba shingoni, ndani kuna chembe zinapigana na virusi, hao ndio askari. Lakini kuna zingine hazipigani. Zinafuma wavu, zinawaonyesha askari njia, zinawalisha, zinawakutanisha na adui. Wavu ikibomoka, askari wanapotea tu. Sisi tulipaka slaidi, kile kioo chenye kipande cha tezi, dawa ya silva, nyuzi za huo wavu zikawa nyeusi, ukaziona kwa hadubini.

Siku moja ikaja chupa ya tezi na jina la tata, dada ya mama, anayekaa Kiuu. Miaka hiyo ya tisini mtu akivimba tezi, watu waliwaza virusi moja tu, vya UKIMWI, na dawa hakuna.

"Weka chini," Mkuu akasema. Kwetu maabara ukiona jina la mtu wako, unatoka mezani, na huulizi.

"Madam, ni tata!"

"Ndio maana. Mkono ukitetemeka utaharibu, na hiyo nyama hairudi. Enda uoshe glasi."

Nikaosha glasi ambazo tayari zilikuwa safi. Nyama ilale kwa formalini, iingizwe nta, ikatwe nyembamba, ipakwe. Haiharakishwi.

Tata akanishika pale geti. "Si wewe unafanya kazi huko ndani? Niambie basi!"

"Tata, sijui."

"Ai! Masomo yote hiyo, na hujui!"

Daktari alipomaliza kuongea naye, Mkuu akaniita. "Sasa kuja uone." Askari walikuwa wamejaa, lakini wavu ilikuwa imesimama, uzi kwa uzi.

"Amepona?"

"Wavu haisemi kila kitu. Lakini majibu ya damu pia yamerudi sawa. Ni virusi vingine, tezi itashuka."

Baadaye serikali ilipunguza wafanyakazi, nikastaafu nywele bado nyeusi. Watu hunicheka nikisema hivyo. Tata yuko, anauza nguo Mwihoko. Kila nikipita kwa meza yake, macho yangu yanaenda shingoni kwake kabla sijafungua mdomo.

"Wewe, salimia mtu kwanza!" ananikemea.

Namsalimia, macho bado iko hapo.