Siku Nyanchoka Alipoinua Uso

Nyanchoka wa Nyaramba alikuwa mtu wa asubuhi. Kufikia adhuhuri alikuwa amekwisha kuchuma chai yake, amekata nyasi za ng'ombe na kuteka maji. Mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya vilima, kama yafanyavyo huku kwetu karibu kila alasiri, yeye alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango. Alifunika kioo kwa leso na kuzima simu, kisha akakaa kwenye kigoda katikati ya chumba, mbali na kuta, mpaka ngurumo ziishe.

Hakuzaliwa na hofu hiyo. Aliipata kwenye kibanda cha kituo cha kuuzia majani ya chai, alasiri moja ya mwezi wa nne, yeye na jirani yake Mong'ina walipokuwa wakisubiri lori. Wawili hao waliolewa kwenye kilima kimoja, mwaka mmoja, na watoto wao walikula katika nyumba yoyote waliyokuta moshi. Mvua ilipoanza, Mong'ina alitoka kibandani kufunika kikapu chake kwa nailoni.

"Majani yakilowa watayakataa," alisema.

Radi ilipiga hapo hapo. Nyanchoka alipofumbua macho alikuwa amelala chini, sikio la kushoto halisikii kitu, na watu wamemzunguka Mong'ina bila yeyote kuthubutu kumgusa.

Tangu siku hiyo hakutazama juu tena. Si kwamba aliapa. Shingo yenyewe ilikataa. Alitembea akiangalia vidole vyake vya miguu, akawatambua majirani kwa viatu na sauti. Siku ya Sabato, wenzake waliposimama kuimba nyuso zao zikielekea juu, yeye aliimba akitazama visigino vya mtu aliyekuwa mbele yake. Wazee wa kanisa walimwombea. Mumewe, Ogari, hakumcheka wala hakumkemea. Chai ya alasiri aliichuma mwenyewe.

Kitindamimba wao, Linda, alikuwa mwalimu wa chekechea Kendu Bay, kando ya ziwa. Mara nyingi alimwomba mama yake amtembelee, na kila mara Nyanchoka alikuwa na sababu: ng'ombe anakaribia kuzaa, chai imechipuka, njia ni mbovu. Ukweli ni kwamba hakujua mawingu ya huko hutokea saa ngapi.

Kisha Linda akaugua malaria. Aliposikia sauti ya bintiye kwenye simu, imekonda kama uzi, Nyanchoka hakuuliza habari za mawingu. Kesho yake alfajiri alifunga ndizi, unga wa wimbi na chinsaga, ile mboga yetu chungu, akashuka kupitia Oyugis. Safari nzima alishika kifurushi chake mapajani, macho sakafuni.

Alimkuta Linda ameanza dawa, mwembamba, macho yamezama. Alimpikia uji, akamkanda miguu, akamfokea kwa kulala bila neti. Ilipofika Jumapili Linda aliweza kusimama.

"Mama, twende ufuoni kidogo. Nimechoka na kuta hizi."

"Na mvua?"

"Hapa mvua huja usiku. Mchana ni upepo tu."

Nyanchoka hakuamini, lakini angemwachaje mgonjwa atoke peke yake? Walitembea polepole. Linda alibeba kitu kipana alichokifunga kwenye kanga, na walipofika mchangani alikifungua. Ilikuwa tiara, ya kurushwa kwa upepo. Alikuwa ameishona kwa kitambaa cha mwavuli mbovu, bluu na manjano, na mkia wa vipande vya nguo. Alikuwa amejifunza ili awafundishe watoto wa darasa lake, halafu, alikiri, ikawa ni yeye asiyeweza kuiacha.

Nyanchoka alirudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Unataka kufunga uzi mbinguni? Linda! Unaiita radi?"

"Sirushi kukiwa na wingu. Huangalia kwanza kila upande. Angalia na wewe."

"Siangalii."

"Basi niamini mimi."

"Mong'ina alikuwa na kikapu tu! Hakuwa na uzi wowote!"

Linda alimjua Mong'ina, alikula kwake utoto wake wote. Kwa muda mfupi ilionekana kama angeikunja tiara. Lakini upepo ulikuwa umeshaishika, ukaipokonya mikononi mwake, na uzi ukaanza kukimbia kutoka kwenye kijiti ulikozungushwa. Aliuvuta mara mbili tatu, akaanza kuyumba.

"Mama, kizunguzungu. Shika hii."

"Sishiki."

"Mama, naanguka!"

Nyanchoka alishika. Alimshika binti kwa mkono mmoja na kijiti kwa mwingine, akamkalisha chini, akabaki amesimama, kichwa kimeinama. Alingoja mlio. Alingoja ule mwanga mweupe. Hakuna kilichokuja. Kilichokuja ni mvuto, laini kisha mkali, kama ndama aliyefungwa kamba kwa mara ya kwanza. Kitu kilikuwa hai kule juu, na kilikuwa kinamuuliza jambo.

Ghafla uzi ukalegea.

"Inashuka!" Linda alisema. "Vuta! Si hivyo, rudi nyuma, angalia inakoelekea!"

Hapo ndipo Nyanchoka alipoinua uso. Hakuamua, mikono ilitaka kujua inavuta nini. Shingo ilimuuma. Mbingu ilikuwa tupu, bluu mpaka mwisho, na katikati yake kipande cha mwavuli kilikuwa kikipepesuka kama mlevi. Alivuta, akarudi nyuma, kandambili moja ikabaki mchangani. Tiara ikajiinua, ikatulia, kisha ikapanda.

"Loo!" alisema. "Loo, wewe!"

Alikimbia. Mama mzima mwenye wajukuu, leso ikimfunguka, alikimbia ufuoni akicheka kwa sauti ambayo Linda hakuwa ameisikia tangu msiba. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, walisimama kumtazama, na mmoja akapiga makofi.

Alipogeuka kurudi ndipo alipoyaona. Mbali upande wa bara, juu ya vilima vya kwao, mawingu yalikuwa yamerundikana, meusi chini na meupe juu. Ndani yake kitu kiliwaka kikazimika, bila sauti. Hakuwa ameyaona kwa mbali hata mara moja. Maisha yake yote alikuwa chini yake.

Kicheko kilikatika. "Ogari," alisema. "Ogari yuko kwenye chai."

Alimpa Linda uzi, akapiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena, na tena, huku Linda akimwambia akae atulie. Hakukaa. Alizunguka mchangani na kandambili moja, akiomba kwa sauti.

Jua lilikuwa limeinama juu ya maji simu ilipolia.

"Mbona umenipigia hivyo?" Ogari aliuliza. "Kuna nini? Linda amezidiwa?"

"Ulikuwa wapi?"

"Ndani. Si wewe uliyesema simu izimwe mvua ikinyesha?"

Nyanchoka alikaa chini mchangani akalia, kisha akamwambia alichokuwa akifanya mchana ule.

"Tiara? Wewe?"

"Mimi."

"Ilienda juu?"

"Ilienda juu sana."

Nyanchoka hajabadilika sana. Alasiri bado huingia ndani mapema, na ngurumo bado humtoa jasho. Lakini shule zikikaribia kufungwa humpigia Linda kumuuliza upepo wa ziwani ukoje, na hushuka mwenyewe bila kusubiri kuitwa. Safari iliyopita alimchukua Ogari. Nyanchoka alisimama ufuoni akageuka polepole, akikagua kila upande wa mbingu, mdomo umekauka kwa woga, mpaka akaridhika. Ndipo akamwambia mumewe aishike tiara na kurudi nyuma kidogo, na asiiachie mpaka aambiwe.